Mabille ya kopo la maziwa: namna ya kutambua ile ya zamani

Katika ukurasa huu munanijua kwa maneno ya mushahara, ya casque, ya bottes zinazochelewa kufika. Leo ninaomba munivumilie, ninataka kuongea juu ya mabille. Ndiyo, mabille ya kioo, muchezo wa watoto, yale ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita gololi. Musicheke kwanza. Mukifika mwisho mutaona kama maneno ni yale yale ya kila siku: nani anajua bei, nani hajui, na nani alichimba.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Mama Mukubwa wangu wa Likasi alinipigia simu.

— Mutoto, weye uko mutu wa sendika, unajuaka kubishana na banunuzi. Kuko bwana moja hapa, anazungukaka mu manyumba kununua bintu bya zamani. Anataka kopo ya mabille ya muzee. Anasema atanipa mufuko moja ya bunga. Niuzishe ao niache?

— Mama, ulimuonyesha yote?

— Nilimwanga yote pa meza.

— Aliangalia gani sana?

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

— Unaniuliza sawa polisi! Aliangalia yote, akasema yote iko ya bure, juu imekwaruzika.

Nilimwomba amwambie yule bwana arudi siku ya posho, na mimi nitakuwa pale. Mutu anayesema vitu ni vya bure na bado anatoa mufuko wa unga, huyo anajua kitu. Ninyi munaouza madini munamufahamu. Anashika jiwe, anakunja uso, anasema teneur iko chini, maji iko mingi, halafu anapakia mifuko yote kwenye kamioni mbio mbio kama mutu anayekimbia mvua.

Kulikuwa na haraka vilevile. Mujukuu wa Mama Mukubwa alikuwa anangoja Examen d'État na pesa ya kulipa haikuwa imetimia. Kwa mujane, mufuko wa unga si kitu kidogo. Ndiyo maana nilipanda gari asubuhi, na katika mufuko wa koti niliweka vitu vitatu: loupe ambayo géologue mumoja wa kazini aliniachia, pied à coulisse ya atelier, na ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka wanatumia kwa kuangalia dola za uongo.

Kopo lilitoka wapi

Marehemu muzee, mume wa Mama Mukubwa, kabla ya kuingia kazi ya usine alikuwa kijana wa kazi katika nyumba ya Wazungu, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Mwaka wa 1960 familia ile ilirudi Ulaya, na mutoto wa nyumba alimuachia mabille yake. Muzee aliyaweka katika kopo la maziwa ya unga. Miaka ikapita, watoto wake wakaongeza ya kwao, wajukuu wakaongeza ya kwao. Vitu vya sokoni na vitu vya zamani vikachanganyika pamoja, kama vile kwenye remblai, mawe mazuri na mabaya yanavyolala pahali pamoja.

Mimi mwenyewe nilianza kukusanya nikiwa na miaka 9. Mabille yangu ya kwanza hayakuwa ya kioo. Baba alikuwa mécanicien, na roulement ikichakaa alikuwa anatuletea zile mbio za chuma za ndani. Tulikuwa tunachezea hizo, na mutoto mwenye bille ya chuma alikuwa anaogopwa, juu ilikuwa inavunja za wengine. Baadaye nikajua kama bille ya kioo ya mashine na bille ya roulement ni ndugu wa tumbo moja. Nitaeleza hapa chini.

Tulimwaga kopo juu ya kitambaa, si juu ya meza kavu. Tulihesabu 61. Mujukuu alishika kalamu na kuandika, na tuliyapanga kwa mafungu.

Fungu la kwanza: jicho la paka

Hili ndilo fungu kubwa, mabille 43. Bille ni ya kioo kinachopitisha mwanga, na ndani kuna ubawa wa rangi, mumoja ao tatu ao mine, kama jicho la paka wakati wa jua. Watoto wetu wote wanazo. Aina hii ilianza kuuzwa kwa wingi kutoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo viwanda vya Mexico na vya Asia vinatoa mabille ya namna hiyo kwa mamilioni. Ukubwa wa kawaida ni milimita 16, uzito ni karibu gramu 5. Ni mazuri, ni ya kucheza. Mutu akikuambia jicho la paka ni hazina ya wakoloni, anakudanganya.

Fungu la pili: udongo na chuma

Mane yalikuwa ya udongo uliochomwa, rangi ya hudhurungi, hayakuwa mviringo sawasawa. Bille za namna hii ndizo zilikuwa za maskini wa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, mbele kioo hakijashuka bei. Mwaka wa 1884 bwana mumoja, Samuel Dyke, alianza kuzitengeneza kwa wingi katika muji wa Akron, mukoa wa Ohio, Marekani. Bille ya udongo ni ya zamani, lakini ziko nyingi sana duniani, kwa hiyo bei yake iko chini. Zamani na ghali si neno moja. Na kulikuwa na moja ya chuma, ya roulement. Mama Mukubwa alisema hiyo ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Tuliiweka pembeni bila kuongea.

Fungu la tatu: kovu la mukasi

Sasa musikilize vizuri, hapa ndipo pesa inalala.

Katika milima ya Thuringia, Ujerumani, kuna muji mudogo unaitwa Lauscha. Watu wake wanafanya kazi ya kioo tangu 1597. Ni hapo pia walitengeneza macho ya kioo kwa watu waliopoteza jicho, na zile mbio za kupamba Noeli. Katika miaka ya 1840 fundi mumoja wa hapo alivumbua mukasi wa pekee, wenye kikombe kidogo kwenye ncha yake. Kazi ilikuwa hivi: fundi anachota kioo cha moto kwa fimbo ya chuma, anabandika nyuzi za kioo cha rangi, anafunika tena kwa kioo cheupe, kisha anavuta na kuzungusha mpaka inakuwa fimbo ndefu ya kioo yenye rangi ndani. Ncha ya fimbo hiyo ikiwa bado na moto, anaingiza katika kikombe cha mukasi, anaizungusha iwe mviringo, anakata. Bille moja. Anaanza tena. Bille mbili. Kutwa nzima hivyo, mbele ya tanuru. Ninyi wa fonderie munajua joto lile.

Mukasi unaacha kovu. Pale bille ilipokatwa panabaki pahali pa kukwaruza, ao palisagwa na kuwa bapa kidogo. Mara nyingi makovu ni mawili, moja juu na moja chini. Na nyuzi za rangi ndani zinatoka kovu moja zinafika kovu lingine, zimejizungusha kama kamba. Ukiona hivyo, umeshika kazi ya mukono, na karibu hakika ni ya Ujerumani mbele ya vita ya 1914.

Pitisha ukucha polepole. Kovu unalisikia mbele ya kuliona. Kisha chukua loupe.

Katika kopo la muzee zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipima milimita 19, na ndani yake kulikuwa na wavu wa nyuzi nyeupe, kama kikapu, na nje mistari ya nyekundu na ya kijani. Ya pili ilikuwa na mistari ambayo ndani yake unga ulikuwa unang'aa kama dhahabu. Wakusanyaji wanaita aina hii Lutz, na wanaitafuta sana. Mujukuu aliruka juu: «Koko, iko dhahabu!» Nikamwambia hapana, si dhahabu. Ni vipande vidogo sana vya shaba vilivyozaliwa ndani ya kioo wakati wa kupika. Mama Mukubwa alipiga makofi. «Shaba? Sawa ile ya kwetu?» Shaba, ndiyo. Kama ni ya kwetu, tutaona.

Kuna aina nyingine ya mukono ambayo hatukuipata, lakini muijue: bille kubwa ya kioo safi, na ndani yake sanamu ndogo nyeupe ya mbwa, ya kondoo ao ya mutu. Sanamu inaonekana kama fedha kwa sababu hewa nyembamba imebaki kati yake na kioo. Hiyo ukiipata kwa nyanya yako, usiiuze mulangoni.

Fungu la ine: mashine ya Akron

Zilibaki 11. Hazikuwa na kovu la mukasi, lakini hazikuwa jicho la paka. Rangi zilikuwa zimejaa na kuzungukana kama maziwa ndani ya chai.

Hapa tunarudi kwa roulement. Katika Akron hiyo hiyo alikuwako fundi mumoja mwenye asili ya Danemark, Martin Christensen. Alikuwa amevumbua mashine ya kutengeneza mbio za chuma za roulement. Kisha alifikiri: kama chuma kinakubali, kwa nini kioo kikatae? Mwaka wa 1905 alipata hati ya uvumbuzi wake. Tone la kioo cha moto linaanguka juu ya magurudumu yenye mifereji, linazunguka, linazunguka, mpaka linapoa na kuwa mviringo kabisa. Hakuna mukasi wa kikombe, hakuna kusaga.

Lakini mwanzoni mashine haikufanya yote. Mufanyakazi alikuwa bado anachota kioo kwa fimbo, anakiacha kidondoke, na kinakatwa. Wakati kinadondoka kinajizungusha. Kwa hiyo bille za Christensen mara nyingi zina rangi iliyojikunja kama namba 9 upande wa juu, na upande wa chini alama ndogo ya pale ilipokatwa. Ukiona 9, ni alama ya mukono wa mufanyakazi ndani ya kazi ya mashine. Kiwanda hicho kilisimama mwaka wa 1917.

Vita ya 1914 ilizuia mabille ya Ujerumani kufika Marekani, na viwanda vya huko vilipata nafasi. Kampuni moja, Akro Agate, ilizaliwa Akron na mwaka wa 1914 ikahamia Clarksburg, West Virginia, kwa sababu huko mchanga mzuri na gaz vilikuwa karibu. West Virginia ni inchi ya wachimba makaa ya mawe. Watoto waliochezea mabille yale walikuwa pia watoto wa mashimo. Bille inayojulikana sana ya Akro ina mustari wa rangi unaopanda kwa kuzunguka kutoka chini mpaka juu, kama vis ya bois, na mustari haukutani na mwenzake. Kampuni ile ilifungwa mwaka wa 1951, wakati ule ule jicho la paka la Japani lilikuwa linaingia sokoni.

Tatu katika zile 11 zilikuwa na mustari wa vis. Moja ilikuwa ya manjano yenye kijani kidogo. Na moja ilikuwa ya buluu na nyeupe, buluu kali kabisa, lakini imejaa vijimwezi. Wakusanyaji wanaita mwezi ule ufa mudogo wa mviringo unaobaki wakati bille inagonga nyingine. Ile ya buluu ilikuwa na miezi zaidi ya ishirini. Ilikuwa ndiyo bille ya kupigia ya muzee.

Rangi ni madini

Sasa tulifunga madirisha na nikawasha taa ya zambarau. Bille ya manjano iliwaka kijani kama kimulimuli. Mujukuu alirudi nyuma.

Hiyo ni uraniamu. Zamani watu walikuwa wanatia uraniamu kidogo ndani ya kioo kwa kupata rangi hiyo. Chini ya taa ya namna hiyo inawaka kijani kikali. Musiogope: kiasi kilicho ndani ya bille ni kidogo, na kuishika hakuleti ubaya. Musiisage tu, na mutoto mudogo asiiweke mudomoni. Lakini hilo ni kwa kila bille, mutoto mudogo anaweza kusongwa. Jiwe lenyewe la uraniamu ni jambo lingine. Mutu asiweke jiwe la namna hiyo ndani ya nyumba, wala chini ya kitanda akingoja munuzi. Linatoa gaz ya radon, na gaz hiyo inaharibu mapafu. Hili nimelisema katika mikutano, na ninalirudia hapa.

Likasi na Shinkolobwe ni majirani. Kwa hiyo mujukuu aliuliza swali ambalo ninyi pia munauliza sasa: «Basi hii ilitoka kwetu?»

Tulifikiri pamoja. Uraniamu ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka wa 1915, na kazi ya kuichimba ilianza 1921. Wabelgiji walikuwa wanapeleka mawe yale Olen, Ubelgiji, kutoa radium ndani yake. Mbele ya hapo uraniamu ya kutia rangi kioo ilikuwa inatoka Bohemia, huko Ulaya. Kwa hiyo bille ya mukono ya Ujerumani inayowaka kijani, ya mbele ya 1914, haiwezi kuwa na uraniamu ya Shinkolobwe. Lakini hii yetu ni ya mashine, ya baadaye. Kwa hii, inawezekana.

Ni vile vile kwa buluu. Ile buluu kali inatoka kwa kobalti. Haihitaji nyingi, hata sehemu moja kwa elfu inatosha kupaka kioo kizima. Jina lenyewe lilizaliwa katika midomo ya wachimbaji. Katika milima ya Saxony, Ujerumani, walikuwa wanapata jiwe linalofanana na la fedha, lakini likipikwa halitoi fedha, linatoa moshi wenye sumu ya arsenic unaoua. Wakasema ni shetani wa shimo, Kobold, ndiye anawaibia. Shetani yule ndiye leo anaendesha mutokari za umeme za dunia.

Buluu ya bille za zamani za Ulaya ni mambo ya wakati wa wachimbaji wale. Katanga ilianza kutoa kobalti katika miaka ya 1920, na ikaja kuwa ya mbele duniani. Bille ya buluu ya muzee, ya mashine, ni ya kizazi hicho. Inawezekana kobalti yake ilipita katika mikono ya watu wa hapa, ikaenda ng'ambo kama unga, ikarudi Jadotville kama muchezo wa mutoto wa Muzungu, ikabaki katika kopo la kijana wake wa kazi, ambaye kisha akaingia usine hiyo hiyo ya madini.

Inawezekana. Kwa kusema ni hakika, hapana. Na ndilo neno langu la leo. Bille inalinda kovu la mukasi wa Lauscha. Inalinda namba 9 ya mufanyakazi wa Akron. Inalinda kila mwezi wa kila mugongano wa watoto. Lakini aliyechimba rangi yake hakuacha alama hata moja. Na shaba inayong'aa ndani ya Lutz ni vile vile: bille zile ni za wakati ambapo shaba ya kwanza ya tanuru la Lubumbashi, ya mwaka wa 1911, ilikuwa haijatoka ao ndiyo inaanza, kwa hiyo yaelekea si yetu. Lakini kuna muchimbaji mahali fulani aliyeitoa, na jina lake limepotea.

Siku hizi wanafunga etiketi kwenye mifuko ya madini, wanasema ni traçabilité. Ni vizuri. Lakini etiketi inaandika shimo na muuzaji. Ni sisi wa sendika na wa familia tunapashwa kuandika mutu.

Mununuzi anarudi

Alifika saa nane, amevaa vizuri, na heshima tele. Alimusalimia Mama Mukubwa kwa mikono miwili. Tulikuwa tumerudisha mabille yote ndani ya kopo, kama mwanzo. Mimi nilikaa pembeni, nikinywa chai.

Aliyamwaga. Mukono wake ulichezea jicho la paka, ukachezea za udongo. Akasema tena: «Mama, unaona, iko ya kukwaruzika yote.» Na wakati alipokuwa anasema, kidole chake kidogo kilikuwa kimesukuma zile mbili za mukono kando, polepole, karibu na magoti yake.

— Patron, hizo mbili ziko na kovu la mukasi, nikasema.

Aliniangalia. Kisha alicheka, kicheko cha kweli, si cha hasira.

— Kumbe kuko mufundi hapa. Papa, weye unafanya biashara hii?

— Mimi niko délégué syndical.

— Aah, basi nimekwisha.

Tulibishana saa moja na nusu. Sikumwambia uongo wowote, na sikumwacha aseme uongo. Nilimwambia 43 ni za watoto, abaki nazo ao aziache. Nilimwambia zile za vis ni nzuri lakini si za ajabu. Tulipima zile mbili kwa pied à coulisse mbele ya macho yake, tukaangalia na loupe: hakuna ufa, hakuna mutu aliyezisugua. Mwisho wa mwisho Mama Mukubwa aliuza zile mbili tu, na bei ilitosha kulipa Examen d'État na kununua mifuko mitatu ya unga. Pengine Ulaya zingepanda zaidi. Lakini Ulaya haikuwa katika kiwanja cha Mama Mukubwa siku ile, na mutihani haungoji.

Yule bwana aliomba pia ile ya buluu. Alitoa pesa kidogo, kwa heshima tu, juu miezi ilikuwa mingi. Mama Mukubwa aliiweka ndani ya kiganja, akafunga vidole.

— Hii hapana. Hii muzee alikuwa anapigia.

Hakuna mutu aliyebishana.

Kwa wewe uliye na kopo

Wapenzi wasomaji, katika nyumba nyingi za kambi za zamani kuna kopo, ao soksi, ao droo yenye mabille. Sisemi muko na utajiri. Katika kopo letu zilikuwa mbili kwa 61. Lakini fanyeni hivi.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, basi. Usisugue na mchanga, usipeleke kwa fundi asugue na mashine. Bille iliyosuguliwa inapoteza kovu lake, na bila kovu inapoteza bei. Panga juu ya kitambaa. Tafuta kovu kwa ukucha. Fuata rangi: inatoka ncha mpaka ncha, inazunguka kama vis, inajikunja kama 9, ao iko ubawa ndani? Pima ukubwa, za mukono zinazozidi milimita 25 ni chache. Angalia miezi na ufa. Tumia taa ya zambarau gizani. Andika yote kwenye karatasi. Na mununuzi akija, usiwe peke yako. Ita hata jirani, mbele ya shahidi mutu anaongea vingine.

Kisha muulize muzee kama bado iko hai: hii ulipata wapi? Ulikuwa unafanya kazi gani wakati ule? Andika jibu, weka karatasi ndani ya kopo. Mimi niliweka karatasi katika kopo la Likasi. Niliandika jina la marehemu, mwaka alioingia kazi, miaka aliyofanya, na mahali bille zilipotoka.

Mujukuu alifanya mutihani wake. Tunangoja matokeo. Niliporudi kwao mwezi uliopita, nilimukuta nje na wadogo zake, wamechora duara kwenye udongo mwekundu, wanapiga jicho la paka. Ile ya buluu haikuwako pale. Nilipouliza, alinionyesha ndani, kwenye meza ya chakula, ndani ya bilauri, pembeni ya bille ya chuma.